Ukitoka msituni Kakamega, mwambie daktari ulikokuwa

Shule zinapofungwa mwezi wa Agosti, na tena Desemba watu wanaporudi nyumbani kwa sikukuu, mji wetu wa Kakamega hujaa wageni kutoka Nairobi, Nakuru na Mombasa. Wengi wao ni watu wa huku huku waliokuja kuwaona wazazi. Lakini siku hizi hata aliyezaliwa Shinyalu, na ambaye utotoni aliujua msitu kama mahali pa kutafutia kuni tu, hutaka kuwapeleka watoto wake wakauone. Asubuhi huwaonyesha Jiwe Linalolia pale Ilesi kando ya barabara ya Kisumu, kisha hupitia Khayega hadi Isecheno, wakatembea chini ya miti mpaka njaa iwarudishe nyumbani kwenye ingokho.

Jambo hilo hunifurahisha sana. Kati ya watu wa makamo ninaowaona kliniki wakiwa na shinikizo la damu na sukari, wengi wangepata nafuu kubwa kama wangetembea saa mbili namna hiyo kila juma. Kwa hiyo, msomaji, usiyachukue nitakayoyaeleza leo kuwa ni ya kukutisha ubaki nyumbani.

Ninalotaka kukueleza ni kwamba maradhi makubwa ya msitu na mapango hayakushiki ukiwa huko. Hukungoja urudi. Utakuwa umeshafika kwako Umoja au Likoni, umeshafua nguo zenye matope na kurudi kazini, ndipo homa ianze. Utaenda kwenye zahanati ya karibu, na daktari atakayekupokea hatajua kwamba majuma mawili yaliyopita ulikuwa umesimama ndani ya pango. Usipomwambia, hana namna ya kujua.

MBU KWANZA, NYOKA BAADAYE

Kila mgeni anayenijia kabla ya kwenda msituni huniuliza habari za nyoka. Ni mara chache mno mtu huniuliza habari za mbu, ilhali huyo ndiye hatari. Kakamega imo katika ukanda wa Ziwa Victoria, ambao ndio wenye malaria nyingi kuliko sehemu zote za Kenya, na malaria hiyo ipo mwaka mzima. Kaunti yetu ni mojawapo ya zile nane za Magharibi na Nyanza zilizochaguliwa kuanza kuwachanja watoto dhidi ya malaria mwaka 2019, na hazikuchaguliwa hivi hivi tu.

Nairobi iko juu na kuna baridi, na malaria haiambukizwi huko kwa wingi. Ndiyo maana mtu aliyekulia hapa kwetu akiumwa na mbu kila usiku, kisha akakaa Nairobi miaka kumi, huwa amepoteza sehemu kubwa ya kinga aliyokuwa nayo. Yeye mwenyewe hajui. Husema, "Daktari, mimi ni mtu wa hapa, malaria naijua." Kweli anaijua, lakini mwili wake umeshaisahau. Na watoto wake waliozaliwa Nairobi hawakuwahi kuwa na kinga hiyo hata siku moja. Hao, pamoja na mama wajawazito, ndio wanaonitia wasiwasi kila Desemba.

Basi lala ndani ya chandarua kilichotiwa dawa, hata kama nyumba ya shangazi ina madirisha mazuri. Jioni vaa mikono mirefu na ujipake dawa ya kufukuza mbu. Kama umeishi mbali kwa miaka mingi, au unasafiri na mtoto mdogo au mja mzito, muone daktari kabla ya safari akuandikie dawa ya kinga. Ziko za aina kadhaa. Nyingine huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, nyingine majuma mawili au matatu kabla, na nyingine hazifai wajawazito wala watoto wadogo, kwa hiyo usiazime vidonge vya jirani. Kosa ninaloliona sana ni mtu kuziacha siku anapopanda basi kurudi. Lazima uendelee kuzimeza hata baada ya kurudi, siku saba kwa aina moja, majuma manne kwa nyingine, kama daktari atakavyokueleza. Vimelea huwa bado vimo mwilini.

Malaria haianzi siku ile uliyoumwa na mbu. Huchukua siku saba au zaidi, aghalabu majuma mawili, na mara nyingine mwezi mzima. Ukihesabu, utaona inakuangukia ukiwa kazini mjini.

NDANI YA MSITU

Msitu wa Kakamega ni kipande kilichobaki upande wa mashariki cha msitu mkubwa wa mvua uliokuwa umetandaa kutoka Kongo kupitia Uganda. Upande wa kaskazini, Buyangu, kilomita kama 20 kutoka mjini kwa barabara ya Webuye, ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1985, na husimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori. Kusini, Isecheno, ni mikononi mwa Huduma ya Misitu. Pande zote mbili utapata waongozaji waliozaliwa kandokando ya msitu, na ushauri wangu ni mmoja: mlipe mwongozaji. Anajua majina ya miti, anajua ndege kwa sauti zao, na anajua mahali pa kutokanyaga.

Nyoka wapo, siwezi kukuficha. Yumo swila wa msituni, yumo koboko wa kijani aishiye mitini, na yumo yule mnene wa jamii ya kifutu, mwenye mapambo kama zulia, ambaye hulala juu ya majani makavu na haondoki hata ukimkaribia. Huyo ndiye wa kuogopwa kwa sababu hakimbii. Lakini hamfuati mtu. Huuma akikanyagwa au akishikwa. Vaa viatu vinavyofunika vifundo vya miguu na suruali ndefu, usiondoke njiani, na usitie mkono kwenye shimo au chini ya gogo. Kama umelala msituni, usiende msalani usiku bila tochi.

Mtu akiumwa, mtulize, mvue pete na saa kabla mkono haujavimba, funga kijiti kwenye mguu au mkono ulioumwa usichezechezwe, kisha mbebeni hadi hospitali kuu ya mjini Kakamega. Msimkate na wembe. Msimnyonye. Msimfunge kamba ya kukaza hadi damu isimame. Nimeona miguu iliyoharibiwa na kamba kuliko ilivyoharibiwa na nyoka. Na lile jiwe jeusi la kunyonya sumu, linalosifiwa sana sokoni, halinyonyi chochote isipokuwa muda. Usimpe aspirini wala dawa nyingine za maumivu za jamii hiyo, kwani sumu ya nyoka wa jamii ya kifutu huzuia damu kuganda, na dawa hizo huongeza tatizo lilo hilo. Nyoka asiuawe ili aletwe hospitali. Ukiweza kumpiga picha kwa mbali, vyema. Usipoweza, dalili za mgonjwa zitatueleza mengi.

Siafu nao ni wa kukumbukwa. Ingiza suruali ndani ya soksi, mwongozaji akisema "rukeni," rukeni bila kuuliza. Hawaui mtu mzima mwenye afya, lakini watakuvua nguo mbele ya wakwe.

MVUA NA MAJI

Kwetu mvua ina desturi yake. Asubuhi jua, adhuhuri mawingu, alasiri ngurumo, na mara nyingi mawe ya barafu. Anza matembezi saa moja au saa mbili asubuhi, umalize kabla ya saa nane. Kilele cha Lirhanda na kile cha Buyangu ni wazi, na mtu akisimama pale ndiye anakuwa mrefu kuliko vyote. Ukisikia ngurumo hata ya mbali, teremka. Hapa kuna imani kwamba aliyepigwa na radi hapaswi kuguswa. Si kweli. Umeme haubaki mwilini. Mara nyingi moyo wake umesimama na unaweza kurudishwa kwa kumkandamiza kifua papo hapo, na kila dakika mnayosimama mkimtazama inampunguzia nafasi ya kuishi.

Maji ya mto Isiukhu na yale ya Yala huonekana ya kirafiki asubuhi. Ukiwa chini ya maporomoko ya Isiukhu, kumbuka kwamba mto hujazwa na mvua iliyonyesha mbali, juu, mahali usipopaona. Wakenya tumekwisha kulipa kwa kutojua hilo. Mwezi wa Aprili mwaka 2012, vijana saba wa kanisa moja walisombwa na maji katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha. Septemba 2019 mkasa ukajirudia katika korongo lile lile, ukaua tena. Katika korongo jembamba hakuna pa kukimbilia. Maji yakianza kubadilika rangi kuwa ya udongo, au yakileta majani na vijiti, toka upande juu wakati huo huo. Usingoje kukusanya viatu.

MAPANGO

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Kwenye kilima cha Lirhanda kuna tundu lililochimbwa na watafuta dhahabu wakati wa ile homa ya dhahabu ya Kakamega ya miaka ya 1930. Dhahabu waliitafuta, wakaenda zao, na popo wakahamia. Wageni hupenda kuingia humo na tochi. Na wengi wakishamaliza Kakamega huendelea hadi Kitale na mlima Elgon, ambako kuna pango la Kitum, lile ambalo ndovu huingia usiku kuchimba chumvi ukutani kwa pembe zao. Sijui mahali pa ajabu kuliko hapo katika Magharibi yote.

Mwezi wa Januari 1980, mhandisi mmoja Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha sukari huku kwetu alishikwa na homa na maumivu ya kichwa. Alikuwa amezuru Kitum siku chache kabla. Alipelekwa Nairobi hali yake ikiwa imeshakuwa mbaya, akitapika damu, na akafariki hospitalini. Daktari aliyemhudumia, Dkt. Shem Musoke, akaugua siku tisa baadaye, akakaribia kufa, ila akapona. Uchunguzi ulionyesha kwamba ni virusi vya Marburg, vilivyopewa jina la mji wa Ujerumani ambako viligunduliwa mara ya kwanza mwaka 1967, baada ya wafanyakazi wa maabara kuambukizwa na tumbili waliotoka Uganda. Miaka saba baadaye, 1987, mvulana wa Kidenmark wa miaka 15 akafa kwa ugonjwa huo huo hapa Kenya. Siku tisa kabla ya kuugua alikuwa ndani ya Kitum.

Kwa muda mrefu hakuna aliyejua kirusi hicho hukaa wapi. Jibu lilipatikana Uganda kati ya miaka ya 2007 na 2009: ni popo wala matunda, wale wakubwa kiasi wenye macho ya duara, ambao hulala mapangoni na migodini kwa maelfu. Alama za kirusi zilipatikana pia kwa popo wa Kitum aliyekamatwa mwaka 2007. Popo mwenyewe haugui. Hukitoa katika mate, mkojo na kinyesi.

Orodha ya mikasa tangu hapo inatoka karibu na nyumbani. Durba, Kongo, kati ya 1998 na 2000, wachimba dhahabu: watu 154 waliugua, 128 wakafa. Pango la Chatu katika mbuga ya Queen Elizabeth, Uganda: mtalii kutoka Marekani aliugua baada ya kulizuru mwisho wa 2007 akapona, na mtalii kutoka Uholanzi akafa mwaka 2008. Kween, upande wa Uganda wa mlima huo huo wa Elgon, mwaka 2017: wa kwanza kuugua alikuwa mwindaji aliyeishi karibu na pango la popo, akafuatwa na ndugu zake, wote watatu wakafa. Kagera, Tanzania, 2023. Rwanda, 2024, ambako mgonjwa wa kwanza alihusishwa na mgodi wenye popo.

Hiyo ya Rwanda nataka uitazame vizuri. Watu 66 waliugua na 15 walifariki, idadi ndogo kwa ugonjwa huu, na Rwanda inastahili sifa. Lakini wengi wa hao 66 walikuwa wafanyakazi wa hospitali. Walimpokea mgonjwa mwenye homa, wakamhudumia kama tunavyowahudumia wenye homa kila siku, kwa sababu Marburg siku zake za kwanza inafanana na malaria kabisa: homa ya ghafla, kichwa kuuma vibaya, viungo kuuma, kutapika, kuhara. Kutoka damu huja baadaye, na si kwa kila mtu. Muuguzi anayemchoma sindano mgonjwa siku ya tatu hana cha kumwonya isipokuwa maneno ya mgonjwa mwenyewe.

Mikasa hii ni ya Elgon na ng'ambo, si ya Lirhanda, na ugonjwa wenyewe ni wa nadra sana. Maelfu wameingia Kitum wakatoka salama. Lakini ushauri wangu kwa pango lolote lenye popo ni kutazama kutoka mlangoni. Huhitaji kuingia ndani ili uone. Kama utaingia, usiguse kuta zenye kinyesi, usiwashike popo hata waliokufa, usile chochote humo, na ukitoka nawa mikono kwa sabuni kabla ya kugusa uso. Mtoto asiingie kabisa, kwa sababu mtoto hushika kila kitu kisha hutia mkono kinywani.

Liko jingine. Kinyesi cha popo kilichokauka huotesha kuvu, na ukikitifua, vumbi lake huingia mapafuni. Mwaka 2011 wanafunzi wa baiolojia kutoka ng'ambo walizuru msitu wa mvua huko Uganda, msitu wa aina ya huu wetu, wakaingia ndani ya uvungu wa mti mkubwa uliojaa popo. Kati ya 24, 13 waliugua vifua waliporudi kwao. Kikohozi hicho, pamoja na homa na kupungua uzito, kwa urahisi hudhaniwa kuwa kifua kikuu.

Na popo akikukwaruza, hata kidogo, hilo ni jambo la hospitali siku hiyo hiyo. Mwaka 2007 mwanamke Mholanzi, naye alikuwa daktari, alikwaruzwa puani na popo jioni akiwa kambini Tsavo Magharibi. Alama ilikuwa ndogo. Aliporudi kwao akashikwa na ugonjwa wa jamii ya kichaa cha mbwa, akafa mwezi wa Desemba. Osha mahali pale kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kumi na tano, kisha nenda ukachanjwe. Vivyo hivyo ukiumwa na tumbili wa Isecheno, ambaye huuma hasa kwa sababu wewe ulimlisha ndizi.

MAJUMA MATATU

Marburg huchukua kati ya siku mbili na siku 21 kujitokeza. Malaria, tumeona, huanza siku ya saba kuendelea. Kwa hiyo siku utakayorudi mjini, chukua kalenda uhesabu majuma matatu mbele, na kwa malaria ongeza hata miezi kadhaa.

Homa yoyote katika muda huo si ya kununuliwa panadol dukani na kulala. Nenda kliniki siku hiyo hiyo ukapimwe malaria. Kipimo kikisema huna na homa ikaendelea, rudi ukapimwe tena kesho yake. Kipimo kimoja hakitoshi. Usikubali dawa ya malaria bila kupimwa, na ukipewa, maliza vidonge vyote hata kama umepata nafuu siku ya pili.

Kama uliingia pangoni au mgodini na ukapata homa ndani ya siku 21, usiende kuketi kwenye foleni kati ya watu. Piga simu kwanza, au mtume mtu mlangoni amwambie muuguzi, ili wajiandae na glavu na wakuweke chumba cha peke yako. Huenda ikawa malaria, tena uwezekano mkubwa ni huo. Watakupima malaria vile vile.

Wagonjwa wengi huona haya kumweleza daktari habari za matembezi. Hudhani ni kumpotezea wakati, au kujigamba. Mwingine aliwahi kuniambia kwamba hakutaja Elgon kwa sababu alimwambia mkewe alikuwa Eldoret kikazi. Hayo ya mke mtayazungumza baadaye. Sisi madaktari nasi tuna foleni ndefu, na wengine wetu hatuulizi.

Andika kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani: tarehe ulizokuwa safarini, mahali ulipolala, kama ulitumia chandarua, dawa ya kinga uliyomeza na siku uliyoiacha, pango au mgodi ulioingia, mnyama aliyekuuma au kukukwaruza. Mistari sita inatosha. Mkabidhi daktari kabla hajaanza kuandika dawa.